Udongo Chini ya Askari wa Risasi

Usione vyaelea, vimeundwa. Yamkini methali hiyo ya watu wa pwani haijawahi kupata mfano mdogo kuliko kijisanamu cha askari chenye kimo cha milimita 28, ambacho mtu mzima mwenye kazi na familia hukiinamia usiku, akiutia rangi ukosi wa koti lake kwa brashi yenye ncha mithili ya sindano. Nchini Uingereza, Marekani, Ufaransa na Uhispania watu wa aina hiyo ni wengi. Hununua vijisanamu vya plastiki, resini au madini, huviunganisha kwa gundi, huvipaka rangi, huvisimamisha juu ya vitako vilivyopambwa kwa mchanga na nyasi, kisha huvipanga mezani na kupigana vita kwa dadu na utepe wa kupimia.

Wapo wanaoiona shughuli hiyo kuwa mchezo wa watoto waliokataa kukua. Wengine huiona kuwa njia ya kuvitukuza vita. Rai zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini waliozitoa wamekosa kutazama panapostahili kutazamwa. Wao hutazama askari: bunduki yake, kofia yake, vifungo vyake vinavyong'aa. Panapostahili kutazamwa ni chini ya miguu ya askari huyo, kwenye kitako. Hapo ndipo fundi hulazimika kusema vita vilipiganwa wapi, juu ya udongo gani, katikati ya mazao ya nani, na ni nani mwingine aliyekuwapo. Fundi anayekipuuza kitako huwa ameisema historia nusu, na mara nyingi nusu iliyoachwa ndiyo inayotuhusu sisi Waafrika.

Lugha ya Kiswahili haikupungukiwa katika jambo hili. Kitako ni sehemu ya chini ya chungu inayokifanya kisimame. Kitako ndicho hicho cha bunduki kinachoegemezwa begani. Hakuna haja ya kukopa istilahi ng'ambo. Aidha, lugha ina kinaya chake cha kupendeza: neno risasi hutaja madini na papo hapo hutaja kinachotoka kwenye mtutu. Mnamo mwaka wa 1893 kampuni ya William Britain jijini London ilipoanza kumimina askari wa risasi walio wazi ndani, na hivyo kuwa wepesi na wa bei nafuu, Mswahili angeweza kusema kuwa askari hao waliumbwa kwa kile kile kinachowaua wenzao. Siku hizi risasi imeachwa kwa sababu ya sumu yake, na wengi hutengenezwa kwa plastiki.

Kazi yenyewe huanza kwa rangi ya msingi, iwe nyeusi, kijivu au nyeupe, ambayo hupulizwa ili rangi zitakazofuata zishike. Rangi kuu za nguo, ngozi na chuma zikishapakwa, hufuata rangi ya majimaji yenye weusi au hudhurungi, ambayo hutiririka na kutuama katika mikunjo. Hatimaye brashi huchovywa katika rangi angavu zaidi, ikapanguswa kwa kitambaa mpaka ibakie na rangi kidogo mno, kisha hupitishwa juujuu ili rangi hiyo ishike kwenye kingo na miinuko pekee. Asiyejua anaweza kuuliza kwa nini mwanga na kivuli vipakwe ilhali chumba kina taa. Sababu ni kimo. Mkunjo wa nguo wenye kina cha nusu milimita hautoi kivuli cha kutosha kuonekana na jicho lililo umbali wa mita moja. Kwa hiyo fundi hukichora kivuli ambacho jua lingemletea bure mtu mwenye kimo kamili.

Kitako nacho kina utaratibu wake. Kisahani chenye kipenyo cha milimita 25 au 32 hupakwa gundi nyeupe ya seremala na kuchovywa mchangani. Gundi ikikauka, mchanga hupakwa rangi nzito ya udongo, na brashi kavu hupitishwa mara mbili tatu, kila mara kwa rangi iliyo nyepesi zaidi. Kipande cha gome huwa mwamba. Mizizi mikavu huwa vigogo. Nyuzi fupi za nailoni, zikitiwa umeme tuli, husimama wima ndani ya gundi zikawa nyasi. Kazi hii yaweza kukamilika kwa nusu saa, na hapo ndipo penye hatari: kwa kuwa ni rahisi, wengi huifanya bila kufikiri.

Ikumbukwe kuwa ardhi iliingia mezani kabla ya askari wenye nyuso. Mnamo 1812 Reisswitz, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Prussia, alimkabidhi Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya mchezo wa vita iliyoundwa kwa vipande vya plasta vilivyopakwa rangi, vyenye mito, vilima na vijiji, ambavyo mchezaji aliweza kuvipanga upya apendavyo. Majeshi yalikuwa vipande tu visivyo na sura. Mwanawe aliuboresha mchezo huo, na mnamo 1824 ukaanza kutumiwa kuwafunza maafisa wa jeshi. Kwa Waprusia, basi, aliyeijua ardhi ndiye aliyejua vita. Sare za askari zilikuwa mapambo.

Hata hivyo, hakuna kisa kinachoonyesha uzito wa vijisanamu kuliko kile cha William Siborne. Afisa huyo wa jeshi la Uingereza aliagizwa mwaka wa 1830 kutengeneza mfano wa uwanja wa Waterloo, mahali Napoleon aliposhindwa tarehe 18 Juni 1815. Siborne hakukaa London akakisia. Alikwenda Ubelgiji, akaishi kwa miezi minane katika shamba la La Haye Sainte lililokuwa katikati ya uwanja huo, akiipima ardhi kilima kwa kilima na bonde kwa bonde. Kisha aliwaandikia maafisa walionusurika, akawauliza vikosi vyao vilikuwa wapi mnamo saa moja jioni, wakati walinzi mashuhuri wa Napoleon waliposhambulia. Isitoshe, aliwauliza hata mazao yaliyokuwa yamesimama mashambani mbele yao. Msomaji na atafakari swali hilo. Jenerali huulizwa kuhusu mizinga na ushujaa. Siborne aliuliza kuhusu ngano na shayiri, kwa sababu alijua kuwa askari hasimami hewani.

Serikali ilikataa kuendelea kumlipa, naye akaendelea kwa fedha zake na za kukopa. Mfano huo ulifunguliwa kwa watu jijini London mwaka wa 1838, ukiwa na askari wadogo zaidi ya 70,000. Watu walifurika. Lakini palikuwa na mgogoro. Siborne, kwa kufuata ushahidi aliokusanya, aliwapanga Waprusia kwa maelfu ubavuni mwa Napoleon, karibu na kijiji cha Plancenoit, katika saa ile ile ambayo Waingereza walipenda kuikumbuka kuwa saa yao peke yao. Wellington na watu wake hawakuridhika. Ikiwa Waprusia walikuwa wengi kiasi hicho mnamo saa hiyo, basi sifa ya ushindi ilikuwa ya kugawana. Siborne alishinikizwa kwa miaka mingi, naye, akiwa amelemewa na madeni, hatimaye alikubali kuondoa sehemu ya Waprusia hao. Alifariki mwaka wa 1849. Mfano wake ungalipo katika Makumbusho ya Kitaifa ya Jeshi jijini London, na wageni huusifu kwa udogo wa askari wake bila kujua ni nani walioondolewa.

Wanaodai kuwa vijisanamu ni upuuzi wa watoto wanapaswa kujibu swali moja. Mtu aliyemshinda Napoleon na kuwahi kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza alisumbuliwa na nini na vipande vya bati vyenye urefu wa ukucha? Jibu limo katika methali nyingine: asiyekuwapo na lake halipo. Duke wa Wellington aliielewa methali hiyo vyema japo hakuwahi kuisikia. Alijua kuwa mtoto atakayepelekwa kuutazama mfano ule hatasoma vitabu vizito vya historia. Atahesabu askari kwa macho na kuondoka akiamini alichokiona.

Katika karne ya 20 mchezo uliingia majumbani. H. G. Wells alichapisha kitabu chake cha kanuni, Little Wars, mwaka wa 1913, mwaka mmoja tu kabla ya Ulaya kuwaka moto. Nyumba zake zilikuwa vipande vya mbao na misitu yake vitawi vilivyochomekwa. Wells hakuwa mpenda vita; alishikilia kuwa vita vidogo vya sakafuni vingemfundisha mtu yeyote jinsi vita vikubwa vilivyo vya kipumbavu. Historia haikumsikiliza. Baadaye, kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka wa 1975, ilitoa mchezo wa Warhammer mwaka wa 1983, ikauza askari wa ulimwengu wa kubuni, na kufikia Desemba 2024 ilikuwa imeingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa zaidi za soko la hisa la London. Mengi yanaweza kusemwa kuhusu bei zake, ila hapa si mahali pake. Itoshe kusema kuwa katika ulimwengu wa kubuni fundi ana uhuru wa kupaka ardhi zambarau akitaka. Katika vita vilivyotokea kweli hana uhuru huo.

Na vita vilitokea hapa. Vita Kuu vya Kwanza vilipiganwa Afrika Mashariki tangu 1914 hadi Novemba 1918, na kwa muda mrefu sasa vimekuwa mojawapo ya mada wanazozipenda wachezaji wa Ulaya na Marekani. Askari wa Kijerumani na ruga-ruga wao, askari wa King's African Rifles, Wahindi, Waafrika Kusini, wote wanapatikana madukani kwa umbo dogo. Vitako vyao, hata hivyo, hufanana mno: mchanga wa manjano, kijishada cha nyasi kavu, basi. Afrika yote imefanywa mbuga moja. Si ajabu, maana mkusanyo mmoja mashuhuri wa vijisanamu vya Afrika ya karne ya 19 uliuzwa Uingereza kwa jina lenye kuliita bara hili kuwa lenye giza totoro. Mahali palipokwisha kuitwa giza, nani atahangaika kuuliza rangi ya udongo wake?

Na aulize, kwa kuwa udongo una habari. Askari aliyepigana Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, ambapo jeshi la takriban watu 8,000 lililotoka India lilifukuzwa na jeshi la Wajerumani lenye watu wapatao 1,000, hakusimama jangwani. Alisimama katika kichaka kinene, kati ya mashamba ya mipira na minazi, katika ardhi ya kijani yenye joto la bahari, na miongoni mwa waliomshambulia walikuwamo nyuki. Aliyepigana katika nyika kati ya Voi na Taveta alisimama kwenye udongo mwekundu kama kigae, katikati ya miti ya miiba iliyokuwa kijivu na isiyo na majani. Aliyefika Rufiji mwaka wa 1917 alisimama majini. Kupaka vitako hivi vitatu kwa rangi moja ni sawa na kumvika Mmasai, Mdigo na Mndengereko nguo moja kisha kudai kuwa ni utafiti.

Kwa fundi makini nyika ya Taita Taveta si rahisi. Wengine hudhani kuwa wakileta kiganja cha udongo wa Tsavo na kuugundisha wamemaliza. Sivyo. Askari wa milimita 28 ni mdogo kuliko mtu halisi kwa takriban mara 60. Punje ya mchanga yenye nusu milimita huwa kwake kokoto la sentimita tatu, na uwanja mzima hugeuka machimbo. Vumbi jekundu sharti lisagwe au lipakwe, tena si kitakoni tu bali kwenye viatu, kwenye bendeji za miguuni na kwenye pindo za suruali, kwa sababu aliyewahi kusafiri njia ya Taveta anajua kuwa vumbi lile halimbagui mtu. Mbuyu nao hauwezi kukaa juu ya kitako cha askari: mbuyu wa mita 18 huhitaji sentimita 30, nao humfanya askari aonekane kama chungu aliye chini ya mnazi. Mahali pake ni kwenye ubao wa meza, pekee, na usiwe na majani ikiwa ni Februari ya kiangazi.

Mfano wa Salaita unafaa kutajwa. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, likiwa na kikosi kikubwa cha Waafrika Kusini waliokuwa wageni katika nchi hii, lilikishambulia kilima hicho kilicho karibu na Taveta. Mizinga ilikitwanga kilele. Mahandaki ya adui yalikuwa chini, kwenye kitako cha kilima, yamefichwa na kichaka. Washambuliaji walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Kwa hakika, kosa la majenerali wale lilikuwa kosa la mchezaji anayenunua kilima cha povu kilichokwisha kupakwa rangi: walitazama juu, hawakutazama chini.

Lakini kasoro kubwa zaidi si ya rangi. Katika sehemu nyingi za nchi zilizopiganiwa, mbung'o waliwaua ng'ombe, farasi na nyumbu, na barabara za magari zilikuwa chache. Kila risasi, kila gunia la unga na kila kipande cha mzinga kilibebwa kichwani na mtu. Waingereza waliwaandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu. Makadirio ya wanahistoria huweka idadi ya waliokufa upande huo pekee karibu na 100,000, wengi kwa maradhi na utapiamlo wala si kwa risasi. Jina la Kariakor jijini Nairobi na la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni jina la kikosi chao cha Kiingereza lililotamkwa kwa kinywa cha Mswahili. Je, mezani wako wapi? Vijisanamu vya wapagazi vipo sokoni, ila mara nyingi ni pambo la msafara wa mpelelezi wa Kizungu. Katika kanuni za michezo mingi kikosi huhesabiwa kwa bunduki zake, na asiye na bunduki hana alama. Hivyo mchezaji huwapanga askari 40 waliopakwa rangi kwa ustadi, ambao katika vita vyenyewe wasingeweza kutembea siku tatu bila watu wengi kuliko wao, na hakuna anayeona kuwa kuna waliokosekana. Siborne angalau alilazimishwa. Hawa hawakulazimishwa na yeyote.

Atakayesema kuwa hilo ni kosa la Wazungu peke yao na akatembee katikati ya miji yetu. Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliosimamishwa mwaka wa 1927, una askari mmoja na singe yake. Ule wa Nairobi, ulio katika barabara ya Kenyatta tangu 1928 na uliofanywa na mchongaji huyo huyo, James Alexander Stevenson, una watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Chini yao pana maneno ya Kiingereza, ya Kiarabu na ya Kiswahili. Maelfu hupita hapo kila siku wakikimbilia matatu. Wanafunzi wangapi wa Kiswahili wamewahi kusimama wakayasoma maneno hayo yaliyoandikwa kwa lugha wanayoisomea?

Kuhusu hoja kwamba sanaa hii huvitukuza vita, jibu halipaswi kuwa la mkato. Kweli kuna wanaopaka damu kwa furaha. Hata hivyo, picha ya askari anayeng'aa akiwa hewani, bila ardhi, bila mazao yaliyokanyagwa, bila aliyembebea maji, ndiyo inayovitukuza vita kuliko zote. Kitako kilichofanywa kwa uaminifu huiharibu picha hiyo. Huleta shamba la mtu, njia ya mtu, kisima cha mtu.

Ndiposa kazi hii haifai kuachiwa watu wa Nottingham pekee. Vyuo vikuu vya Kenya vina idara za sanaa zenye vijana wanaojua kufinyanga, idara za historia zenye watafiti wanaojua palipochimbwa mahandaki, na idara za Kiswahili zenye wanafunzi ambao babu zao walizungumza lugha ile ile iliyotumiwa kambini na jeshi lile. Mabaki ya ngome yangalipo Taita Taveta. Gharama si kisingizio: mchanga ni wa bure, gundi ya seremala huuzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na brashi tatu zatosha. Udongo wa mfinyanzi au waya unaweza kufanya kazi ya plastiki ghali, mradi jicho liwe pevu.

Kitako cha mviringo cha milimita 50 huwatosha wapagazi watatu. Mmoja amebeba sanduku la risasi, mwingine gunia, wa tatu ameketi chini ameushika mguu wake. Blanketi moja moja mabegani, kwa kuwa nyingi walizopewa hazikuwatosha. Pekupeku. Udongo mwekundu hadi magotini. Kisha wapangwe nyuma ya askari, kwa safu ndefu kuliko safu ya askari wenyewe, mpaka meza iishe.